Injini ya Baiskeli Ikikataa: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kumlipa Fundi



Injini iliyonunuliwa kwa pesa za mchango si ya mtu mmoja. Siku ikikataa kuwaka, maziwa yanabaki nyumbani, mitungi ya maji haifiki, na kabla ya jioni watu wamekwisha kuanza kuulizana ni nani aliyeiendesha mwisho. Katika kazi hii nimeona kikundi kikikaribia kuvunjika kwa ajili ya swali hilo moja, ilhali hakuna mtu aliyeharibu kitu. Ilikuwa plagi chafu. Kwa hivyo tunaandika haya ili angalau watu wawili au watatu katika kila kikundi wajue kuichunguza injini wenyewe, mmoja wao akiwa mweka hazina, kwa sababu yeye ndiye anayeombwa pesa.

Tunazungumza juu ya zile injini ndogo zinazofungwa katikati ya fremu ya baiskeli ya kawaida, zile zinazotoka China zikiwa zimepakiwa kwenye katoni pamoja na tanki lake, cheni na nyaya. Nyingi zimeandikwa 80 kwenye katoni, lakini ukipima silinda yenyewe unapata kama sisi 66 tu. Ni injini za mipigo miwili, ambazo mafundi huziita tu-stroki. Mkiwa hamna baiskeli ya namna hii lakini mna pampu ndogo ya maji, mashine ya kunyunyizia dawa au pawaso inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, someni pia, maana ndani ni ndugu moja.

INAVYOFANYA KAZI

Injini ya gari ina oili yake chini, imejaa kwenye sinia, na inazunguka humo humo. Hii yetu haina. Pistoni ikipanda, inavuta petroli na hewa kutoka kwenye kabureta hadi chumba cha chini, mahali krenki inapozunguka. Wakati huo huo inakandamiza ile iliyokwisha kuingia juu. Plagi inatoa cheche, moto unalipuka, pistoni inashuka. Ikishuka inafungua tundu la moshi, halafu ile petroli mpya iliyo chini inasukumwa juu kupitia njia za pembeni. Basi, hiyo ndiyo injini nzima. Hakuna valvu, hakuna sinia la oili.

Kutokana na hayo mnapata mambo mawili ambayo mwenye kuiendesha ni lazima ayajue. La kwanza, beringi, krenki na pistoni hupata oili kutoka mahali pamoja tu, nayo ni ile mliyoichanganya kwenye petroli. La pili, chumba cha chini kinafaa kiwe kimefungwa kabisa, hewa isiingie kwa mlango wa nyuma. Magonjwa mengi mabaya ya injini hii yanatokana na moja ya hayo mawili.

Injini ikitaka kuwaka inahitaji petroli, hewa, cheche na mgandamizo, basi. Kuchunguza ni kuuliza ni kipi kati ya hivyo kinakosekana, na anzeni na kile ambacho hakitaki spana.

KWANZA, JE, NI INJINI KWELI?

Mtu huja akisema, "Injini imechoka, haina nguvu." Inueni gurudumu la nyuma, vuteni klachi, mlizungushe kwa mkono. Likizunguka kwa shida, breki inashika, au beringi imekwisha, au cheni imekazwa kupita kiasi. Angalieni upepo wa tairi pia. Na injini ikinguruma sana lakini baiskeli haiendi, hiyo ni klachi inateleza. Kabureta haina hatia. Mara nyingi kebo ya klachi imekazwa mno hata klachi haishiki vizuri. Ilegezeni kidogo hadi mkono wa klachi uwe na nafasi ndogo ya kucheza kabla haujaanza kuvuta.

PETROLI

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kosa mara nyingi kuliko pengine pote.

Injini ikiwaka vizuri, ikaenda kilomita moja au mbili, halafu ikafa polepole kana kwamba imechoka, na baada ya kupumzika ikawaka tena, legezeni kifuniko cha tanki kabla ya kufanya jambo lingine. Kifuniko kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Kitundu kikizibwa na vumbi, petroli inatoka kidogo kisha inagoma, kama vile maji yanavyogoma kutoka kwenye mtungi uliofunikwa mdomo. Kikundi kimoja cha akina mama kiliambiwa kinunue pistoni mpya, ringi mpya na kulipia kazi ya kuchonga silinda, hesabu ambayo ingemaliza zaidi ya nusu ya pesa zao za benki. Kumbe ni kitundu hicho. Kilizibuliwa kwa pini.

Kisha chomoeni mpira wa petroli pale kwenye kabureta, elekezeni kwenye chupa safi, fungueni koki. Petroli itiririke bila kusita. Ikidondoka tone tone, chujio lililo juu ya koki ndani ya tanki limejaa kutu au uchafu. Tanki hizi hushika kutu haraka, hasa zikiachwa nusu tupu wakati wa mvua.

Hiyo petroli iliyo kwenye chupa, iacheni itulie dakika chache mkiiangalia kwa mwangaza. Maji ni mazito, hukaa chini kama kijitabaka chenye mpaka. Petroli ikiwa na maji, injini itakohoa na kufa. Mwageni yote kwenye tanki na kwenye kikombe cha kabureta, msijaribu kuokoa nusu.

Jambo lingine ni mafuta ya taa. Mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa na petroli ulienea hata serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018, ili faida ya mchezo huo ipungue. Anayeuza petroli kwa chupa kando ya njia hamjui ameitoa wapi. Kabla ya kuchanganya oili, toneni tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama kubwa. Ikibaki doa la mafuta lisilokauka, rudisheni. Kipimo hiki hakifai petroli ikishachanganywa na oili, kwa sababu oili yenyewe huacha doa. Petroli iliyokaa miezi mingi nayo inapoteza nguvu yake ya kuwaka. Msiweke akiba kubwa.

Na tafadhali, tabia ya kunyonya petroli kwa mpira mdomoni ikome. Petroli ikiteleza kuingia kwenye mapafu, inaweza kuua mtu, na hata kidogo inatosha kumlaza hospitali. Mtoto akimeza, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja.

KUCHANGANYA OILI

Oili iwe ile iliyoandikwa ya injini za tu-stroki. Oili ya gari haifai hata kama ni ghali zaidi, kwa vile imetengenezwa kuzunguka ndani ya sinia, si kuungua. Ikiungua inaacha majivu, plagi inaziba. Oili ya kupikia, ambayo nimesikia watu wakiitaja, hata tusiizungumzie.

Fuateni karatasi iliyokuja na injini. Injini nyingi za baiskeli za namna hii huanza na sehemu moja ya oili kwa 16 za petroli wakati bado ni mpya, halafu sehemu moja kwa 20. Hesabu ya moja kwa 20 ni rahisi: kila lita moja ya petroli inataka mililita 50 za oili, na mtungi wa lita tano unataka mililita 250, yaani robo lita. Moja kwa 16 ni kama mililita 62 kwa lita. Mashine nyingine, kama pawaso nyingi za siku hizi, hutaka moja kwa 50, yaani mililita 20 tu kwa lita. Kwa hivyo msitumie mtungi mmoja kwa mashine zote bila kuuandika.

Kipimo kisiwe kifuniko cha chupa wala "kidogo hivi". Nunueni bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, lisilo na sindano, liwe la injini peke yake. Wekeni nusu ya petroli kwenye mtungi, mimineni oili, tikiseni, ongezeni petroli iliyobaki, tikiseni tena. Msichanganyie ndani ya tanki la baiskeli, maana oili hutangulia chini na injini inaanza siku kwa kunywa oili tupu. Oili ikizidi, injini inatoa moshi mwingi na kuchafua plagi, lakini inaishi. Oili ikipungua, injini inakufa. Mkikosea, ni afadhali kukosea upande wa kwanza. Lakini kijana akiona moshi anapunguza oili ili moshi uishe, na hapo ndipo pistoni nyingi hufia.

CHECHE

Fungueni plagi, muiangalie vizuri. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa au kahawia, injini iko sawa. Nyeusi na kavu kama masizi: petroli ni nyingi kuliko hewa, au chujio la hewa limeziba. Nyeusi, imelowa na ina oili: petroli imefurika au oili imezidi, au cheche ni dhaifu haiichomi. Nyeupe kama chokaa: simamisheni kazi, msiendeshe. Injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inaungua kwa joto.

Sugueni ncha kwa msasa laini au brashi ya waya, pangusa vizuri. Pengo liwe kama milimita 0.6 au 0.7. Kama hamna kipimo, wembe wa msumeno wa kukatia chuma una unene unaokaribiana na huo. Upite kwa kugusa gusa.

Kujaribu cheche, rudisheni plagi kwenye kofia yake, laza chuma chake juu ya silinda mbali na tundu la plagi, mshike kofia kwa kitambaa kikavu. Koki iwe imefungwa na hakuna petroli iliyomwagika karibu. Gurudumu la nyuma likiwa juu na klachi imeachiliwa, mwenzenu azungushe pedali kwa nguvu. Fanyeni hivi kivulini. Cheche ya buluu yenye kulia "ta, ta" ni nzuri. Ya manjano na nyembamba ni dhaifu. Isipoonekana kabisa, wekeni plagi mpya kwanza. Ni kitu cha bei ndogo, na kikundi kinafaa kuwa na ya akiba kila wakati.

Plagi mpya nayo ikikataa, chomoeni waya wa swichi ya kuzimia injini, mjaribu tena. Swichi hizo za mkononi huingia maji, waya unagusa chuma, basi injini inakuwa kama imezimwa siku nzima. Baadaye fuateni nyaya kutoka kwenye magneto hadi kile kiboksi cheusi cha umeme: buluu kwa buluu, nyeusi kwa nyeusi. Viungo vyake ni hafifu, baiskeli inatikisika, vinalegea. Ule waya mweupe si wa plagi. Vijana wengine huunganisha taa hapo na kuiba nguvu ya cheche. Mimi ningesema uachwe, ufungwe kwa tepu, taa itumie betri zake.

HEWA NA KABURETA

Chujio la hewa lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, lirudishwe. Barabara zetu za vumbi hulijaza kwa wiki moja. Kamwe msiendeshe bila chujio eti injini ipumue. Vumbi linafanya kazi ya msasa ndani ya silinda.

Kabureta ifungueni juu ya sinia jeupe au gazeti ili vidude visipotee. Angalieni boya linaelea na kufunga petroli, kisha jeti, ile skrubu ya shaba yenye kitundu. Ioneni kwenye mwanga. Kitundu kikiziba, osheni kwa petroli na kupuliza, au mpitishe uzi wa nailoni wa brashi. Si waya wa chuma, kwa maana tundu likitanuka hata kidogo, injini itakunywa petroli kupita kiasi kuanzia siku hiyo.

Kuna jambo la milima ambalo mafundi wa tambarare hawalitilii maanani. Hewa ya Nyahururu, ambayo iko juu ya mita 2,300, ni nyepesi karibu robo kuliko ya Mombasa. Petroli haipungui yenyewe. Kwa hivyo injini iliyotengenezwa vizuri kule pwani, ikipandishwa milimani inakuwa na petroli nyingi kuliko hewa: inanguruma kwa kukatika katika, plagi nyeusi, nguvu kidogo. Ndani ya kabureta kuna sindano yenye klipu ndogo. Klipu ikipandishwa daraja moja, sindano inashuka na petroli inapungua. Klipu ikishushwa, petroli inaongezeka. Baiskeli ikirudi sehemu za chini, klipu irudishwe, la sivyo injini itaungua. Hata ikirekebishwa, milimani haitakuwa na nguvu ile ile, msimlaumu dereva.

Sasa ule mlango wa nyuma niliotaja. Injini ikianza kupiga kelele yenyewe hata mkono wa mafuta ukiachiliwa, ikachelewa kutulia, na plagi ikawa nyeupe, huenda hewa inaingia mahali pasipofaa. Kwanza hakikisheni kebo ya mafuta haijakwama. Kisha pakeni maji ya sabuni kuzunguka pale kabureta inapoungana na silinda, injini ikiwa inanguruma polepole. Sauti ikibadilika au povu likivutwa ndani, gasketi imepasuka au nati zimelegea. Msitumie petroli kwa jaribio hili, mtajichoma. Kama pale ni pazima, basi huenda sili za krenki zimekwisha, na hiyo ni kazi ya fundi.

BOMBA LA MOSHI

Injini inayowaka vizuri lakini imepoteza nguvu kidogo kidogo kwa miezi, wengi husema ringi zimekwisha. Fungueni bomba la moshi kwanza. Oili inayoungua huacha makaa ndani ya bomba na kwenye tundu la silinda, na injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta petroli mpya. Shusheni pistoni hadi chini, kwaruzeni tundu kwa kijiti cha mti mgumu, si kwa bisibisi, mpeperushe makaa yatoke.

MGANDAMIZO

Plagi ikiwa nje, zibeni tundu kwa kidole gumba mwenzenu akizungusha pedali. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Kikisukumwa kidogo tu, kazeni nati za kichwa cha silinda, injini ikiwa baridi, kwa kuvuka kama msalaba na kidogo kidogo. Msitumie nguvu za trekta, skrubu hizo hukatika. Bado ni dhaifu? Mimineni kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, mzungushe mara chache, mpime tena. Mgandamizo ukirudi, ringi ndizo zimekwisha. Usiporudi, mtazameni gasketi ya kichwa.

Injini iliyoshika kabisa, haizunguki, msiimwagie maji baridi na msiilazimishe kwa kusukuma mteremkoni. Iachwe ipoe, mtie oili kwenye tundu la plagi, ilale usiku mzima, kisha muisukume taratibu. Ikizunguka, hata hivyo silinda ni lazima ifunguliwe.

MKIENDA KWA FUNDI

Nendeni na kitabu. Kila siku andikeni tarehe, jina la dereva, lita za petroli, mililita za oili, na jambo lolote geni alilosikia. Dereva aandike kelele bila kuogopa kutozwa faini, maana mkimtoza atanyamaza, na injini itawaambia baadaye kwa bei kubwa zaidi. Mwambieni fundi mliyokwisha kuyapima: cheche iko, petroli inatiririka, mgandamizo ni dhaifu. Fundi mzuri hufurahi akipewa habari hizo. Watu wawili wakae naye wakati silinda inafunguliwa.

Na akisema pistoni imekwisha, mwombeni ile kuukuu, ni mali yenu. Itazameni. Mikwaruzo ikiwa upande wa bomba la moshi, ilikosa oili au iliungua kwa hewa iliyozidi. Ikiwa upande wa kabureta, ni vumbi, chujio halikuwa kazini. Mikwaruzo ikiwa pembe nne kuzunguka pistoni, mara nyingi injini ilikimbizwa kabla haijapata joto. Kichwa kikiwa kimeyeyuka au kutoboka, plagi ilikuwa nyeupe siku nyingi na hakuna aliyeitazama. Kosa hilo lirekebishwe kabla pistoni mpya haijaingia, na fundi aandike kwenye risiti ni nini alichorekebisha.